Goti Hulipa Deni la Nyonga

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za mchana.

Kabla sijasema lolote, naomba tusimame. Sote, pamoja na nyinyi mliojificha kule nyuma. Asiyeweza kusimama abaki ameketi, zamu yake inakuja. Weka kidole kimoja kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yako. Kidole tu, usikishike kiti. Sasa inua mguu wa kulia, goti likunjike, macho mbele. Tunahesabu taratibu mpaka 10.

Haya, shusheni. Mguu wa pili.

Nimeona mambo. Kuna bwana hapa mstari wa pili aliyeanza na kidole akamalizia na kiganja kizima. Kuna dada aliyesimama kama mlingoti kwa mguu wa kushoto, alipohamia wa kulia akaanza kupepea mikono. Na wapo wengi ambao hawakuyumba kabisa, ila kiuno chao kilifanya jambo ambalo wao wenyewe hawakuliona: upande wa mguu ulioinuliwa ulishuka, na kifua kikaegemea upande wa pili kuziba pengo. Jirani yako ameona. Muulize. Kaeni.

Huko kushuka kwa kiuno kuna jina. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza kwamba mtu akisimama kwa mguu mmoja na nyonga ya upande wa pili ikaporomoka, shida haiko upande ulioporomoka. Iko upande uliosimama. Pale ubavuni mwa nyonga, juu kidogo ya mfuko wa suruali, kuna msuli mpana kama kiganja ambao kazi yake ni kulizuia fupanyonga lisilale upande kila unapokanyaga. Na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, mara elfu kadhaa kwa siku.

Nimeanza na zoezi hili kwa sababu linabeba karibu yote niliyokuja kusema. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwa kamba ni kweli. Kwa mwili nimeona kinyume mara nyingi mno: pabovu hapakatiki, hunyamaza, hukatikia kwa jirani. Msuli wa nyonga uliolala hauumi. Hauvimbi, haukukoseshi usingizi. Anayepiga kelele ni goti, maana ndilo linalopindishwa kila hatua kufidia kazi ambayo nyonga haikuifanya. Na sisi, wagonjwa na watabibu kwa pamoja, tunakimbilia penye kelele.

Mimi nilikimbilia huko miaka kadhaa. Nilipoanza kazi ya tiba ya viungo, mtu akija na goti nililikanda goti, nikalipasha moto goti, nikalifunga bandeji goti. Anaondoka anatabasamu. Baada ya wiki tatu karudi. Nikadhani sikukanda vya kutosha.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mshonaji, wa miaka 50 na kidogo. Alikuja na bahasha kubwa ya picha za eksirei ambazo hazikuonyesha cha maana, na goti la kulia lililomfanya ashuke ngazi kiubavuubavu, kama kaa. Siku hiyo kitanda changu cha kukandia kilikuwa na mtu. Kwa kukosa la kufanya, nikamwomba avue viatu, apande juu ya kistuli kifupi cha shubiri moja, kisha aushushe polepole mguu mzima sakafuni huku ule mbovu ukibaki juu. Nikachuchumaa mbele yake nikatazama. Kwanza vidole vya mguu vikajikunja kung'ang'ania ubao. Upinde wa wayo ukabonyea. Kisha goti, badala ya kuelekea mbele juu ya vidole, likaingia ndani kulifuata goti la pili, huku likitetemeka. Paja lilikuwa linazunguka kwa ndani, na kile kilegesambwa, ile pia ya goti, kikabaki kinasuguana pembeni nje ya njia yake. Juu kabisa, kiuno kikashuka kama kilivyoshuka cha nusu yenu humu. Yote hayo kwa sekunde mbili. Nikamwambia arudie, safari hii nimeishika nyonga yake kwa mikono miwili isiporomoke. Akashuka. Akanitazama.

"Mbona halijauma?"

Halikuuma kwa sababu halikuwa na kosa. Miezi mitatu tuliyofanya kazi pamoja, goti lenyewe tuliligusa kidogo sana. Alianza kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, kisigino kikivutwa nyuma kidogo, mpaka ubavu wa nyonga uwake moto. Baadaye akawa anatembea kiubavuubavu kwa makusudi, ukanda wa mpira ukiwa umezunguka magoti. Mwisho tukarudi kwenye kistuli kilekile. Huyu mama alikuwa anakaa kwenye cherehani saa 9 kwa siku. Msuli wake haukuwa umeumia. Ulikuwa umesahau kazi.

Sisemi kila goti linasingiziwa. Yapo magoti yaliyochakaa kweli, yapo yaliyochanika kano uwanjani. Ila hata hayo, baada ya daktari kufanya yake, hurudi kwenye mwili uleule wenye nyonga ileile.

Sasa katikati ya mwili, na hapa inabidi nijiseme mwenyewe.

Nikiwa na miaka 31 nilikuwa napiga sitapu 100 kila asubuhi, mara tu nikitoka kitandani. Tumbo lilikuwa limegawanyika vipande, nikivaa fulana ya kubana kwa makusudi. Asubuhi moja nikainama kuokota soksi. Soksi, ndugu zangu, hata ndoo ya maji ingekuwa na heshima. Kitu kikakwama kiunoni na nikabaki hivyohivyo karibu nusu saa, mkono mmoja umeegemea kitanda, mwingine umeshika soksi, mimi ninayelipwa kufundisha watu kuinama.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili. La kwanza lilikuwa saa. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski zenye kiini cha ute. Ukilala, diski zinafyonza maji na kujaa. Ndiyo maana mtu ni mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita 1 hadi 2 hivi. Diski iliyojaa ni kama puto lililojaa, haipendi kukunjwa. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kukunja kiuno mara 100, na ndiyo niliyoichagua. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilikuwa nafundisha misuli ya tumbo kazi isiyo yake.

Jipapaseni kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Mfupa pekee uliopo hapo ni uti wa mgongo, pingili 5 zilizopangwa moja juu ya nyingine kama vikombe kabatini. Hakuna mbavu wala ukuta wa mfupa. Kinachousimamisha mnara huo ni nyama, na nyama hiyo imepangwa kama debe. Mfuniko wake ni kiwambo tunachopumulia. Kitako chake ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana ukizuia mkojo. Kuta zake ni tabaka za misuli ya tumbo, na ya ndani kabisa inazunguka kiuno kama mkanda. Nyuma kuna misuli mifupimifupi inayoshikilia pingili na majirani zake. Debe tupu lililo wazi ukilikanyaga linakunjika. Lijaze maji, ulifunge barabara, upande juu yake: linakubeba. Tumbo nalo ni hivyo. Ukikaza pande zote kwa pamoja, shinikizo la ndani linapanda na mgongo unapata nguzo.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya misuli hii ni kuzuia mwendo kuliko kuufanya. Ukisukuma gari lililozimika, nguvu inatoka miguuni, inavuka kiuno, inafika mikononi. Kiuno hapo ni daraja. Daraja likinesanesa, nguvu inavujia njiani, na inapovujia ni kwenye pingili. Sitapu zangu 100 zilikuwa zinalifundisha daraja kunesa.

Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walichapisha jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Walipachika vipimo vya umeme kwenye misuli ya mtu, wakamwambia ainue mkono haraka. Mkono tu, bila mzigo. Kwa watu wasio na maumivu ya mgongo, ule msuli wa ndani unaozunguka kama mkanda uliamka kabla ya msuli wa bega unaoinua mkono wenyewe. Mwili ulijenga nguzo kwanza, ndipo ukanyanyua. Kwa wenye maumivu ya mgongo ya mara kwa mara, mkanda ulichelewa. Hapo hatuzungumzii tena wingi wa nguvu, tunazungumzia kuwahi. Mwaka huohuo Julie Hides na wenzake walionyesha jambo lililonisumbua zaidi: ile misuli mifupi ya nyuma, ikishasinyaa katika shambulio la kwanza la maumivu ya kiuno, hairudi yenyewe kwa sababu tu maumivu yameisha. Mtu anajiona amepona, kumbe nguzo moja haipo. Nikaelewa kwa nini wateja wangu wa Januari hurudi Juni na mgongo uleule.

Kutokana na jaribio lile ilizuka fasheni ya kuvuta kitovu ndani kutwa nzima, na hadi leo naikuta kwenye majimu. Mimi siikubali. Msuli unaotakiwa kujua wakati wa kukaza unatakiwa pia kujua wakati wa kulegea. Nimeona watu wanatembea wamebana tumbo kama wanasubiri ngumi, pumzi fupi, mabega juu, na mgongo ungali unauma. Kaza kadiri ya mzigo. Kwa soksi, kidogo mno. Kwa gunia, sana.

Mazoezi ninayofundisha sasa yanatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyetumia miongo kadhaa kupima mgongo unabeba nini na unavunjwa na nini. Alichagua matatu. La kwanza unalala chali, goti moja limekunjwa, viganja viwili chini ya uwazi wa kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo tu, kana kwamba unapima uzito wa kichwa. La pili unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, mwili umenyooka, na wanaoanza hutegemea magoti. La tatu ndilo nataka mlione kwa karibu, kwa hiyo nivumilieni nipige magoti hapa jukwaani.

Viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Mwenyekiti, nisaidie kikombe hicho cha maji, uniwekee hapa kiunoni. Asante. Sasa nanyoosha mguu wa kushoto kwenda nyuma, kisigino kikisukuma ukuta wa nyuma, na mkono wa kulia kwenda mbele. Mguu haupandi juu ya kimo cha kiuno. Mtaona kishawishi kikubwa ni kuurusha juu ili uonekane hodari, na hapo kiuno kinabonyea na maji yanamwagika. Napumua kawaida. Sekunde 10, narudisha, napumzika kidogo, narudia. Kinachofanya kazi sasa hivi ni makalio, misuli ya nyuma ya kiuno, mabega, na tumbo linalokataa kuzunguka. Uti wa mgongo wenyewe umetulia kabisa. Kikombe mnakiona. Kingemwagika ningesimama, maana misuli ikishachoka, unachorudia si zoezi tena, ni makosa yako.

Nusu ya maji imebaki, tusiulizane.

Na ndiyo, planki, kule kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, ni zoezi zuri. Planki ya dakika 5 ni ya kupigia picha. Shika sekunde 10 kwa ukamilifu, pumzika, shika tena. Ukiona imekuwa rahisi, usiongeze muda. Fanya iwe ngumu: inua mguu mmoja, au beba mzigo mkono mmoja tu utembee nao wima kama hujabeba kitu. Hilo la mwisho, kutembea na mzigo upande mmoja, kwangu mimi lina thamani kuliko mashine zote za tumbo nilizowahi kuziona.

Kuhusu usawa wa misuli, neno hili linapotoshwa. Watu wanadhani usawa ni kulingana, kwamba mbele na nyuma ya paja ziwe na nguvu sawa kama mizani. Hazitakuwa. Misuli ya mbele ya paja ina nguvu kuliko ya nyuma kwa kila mtu mwenye afya. Usawa ninaoujua mimi ni kila mmoja kutimiza zamu yake bila mwenzake kumbebea. Vladimir Janda, daktari wa Kicheki ambaye polio ilimpiga akiwa kijana na ikabaki naye maisha yake yote, ndiye aliyeuchora mchoro ambao wengi wetu tulifundishwa nao: misuli ya kifua na ya nyuma ya shingo hukaza, huku ile ya mbele ya shingo na ya chini ya makombe ya bega ikilegea. Kwenye nyonga, ya mbele ya nyonga na ya kiuno hukaza, makalio na tumbo vinalegea. Ukiunganisha vilivyokaza kwa mstari, na vilivyolegea kwa mstari, unapata msalaba. Ni ramani nzuri. Ila si hukumu ya mahakama. Nimekutana na watu wenye msalaba huo kamili na hawana maumivu hata chembe, na wenye mkao ulionyooka kama rula ambao hawalali kwa maumivu. Kwa hiyo nikikuta mtu anahangaika "kukaa vizuri" kutwa, namwambia aache kutafuta mkao mmoja sahihi, abadilishe mikao. Kila nusu saa asimame, hata kama ni kwenda dirishani na kurudi.

Kitu kingine: msuli unaouhisi umekaza haumaanishi ni mfupi. Mara nyingi umechoka. Wapo wanaoinyoosha misuli ya nyuma ya paja miaka 5, kila siku, na kila siku imekaza. Siku wakianza kuitia nguvu, na makalio pamoja nayo, mkazo unaondoka wenyewe.

Wachezaji wa mpira humu wanaujua msuli huo kwa uchungu. Unachanika mtu akiwa kwenye mbio kali, sekunde ile mguu unapotupwa mbele na msuli wa nyuma unaitwa kuufunga breki. Yaani unachanika ukiwa unarefuka chini ya mzigo, na ndivyo unavyotakiwa kufundishwa. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, polepole kadiri unavyoweza, uanguke kwa mikono mwishoni. Mara 3 au 4 za kwanza utakuwa unaanguka kama mti. Zoezi hilo moja, timu zikilifanya kwa uaminifu, limeonekana kupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Mazoezi mengi ya kinga hayajafika huko. Tatizo ni kwamba siku inayofuata mapaja yanauma, makocha wanalifuta, na mnajua kinachofuata.

Begani sitakaa sana. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe kirefu. Bega ni tufe kwenye kisahani, na ndiyo maana mkono unafika kila mahali na ndiyo maana bega linateguka. Kinacholiweka tufe katikati ni misuli midogo 4 inayotoka kwenye kombe la bega. Vijana wa jimu wanasukuma sana na kuvuta kidogo, kwa sababu kifua kinaonekana kwenye kioo na mgongo hauonekani. Kwa kila unachosukuma, vuta kimoja, na ikiwa kutwa umeinamia meza, vuta viwili.

Niseme sasa juu ya kiungo chenyewe, maana nimekitetea tu bila kukueleza kilivyo. Ncha za mifupa inapokutana zimevikwa gegedu, kitu cheupe, laini, chenye utelezi kuliko barafu. Gegedu la mtu mzima halina mshipa wa damu hata mmoja. Linakula vipi? Kama sifongo. Ukikanyaga linabanwa, maji machafu yanatoka. Ukiinua mguu linajiachia na kufyonza ute wa kiungo wenye lishe. Hatua ni tonge. Anayeliacha goti bila kulitumia kwa kuliogopea analinyima chakula. Tena goti likivimba hata kidogo, mishipa ya fahamu hupunguza amri inayokwenda kwenye msuli wa mbele ya paja. Mtu anasema mguu umenisaliti kwenye ngazi, na kweli umesalitiwa: msuli ni mzima lakini umezimiwa swichi. Ukikaa nao hivyo wiki 3 paja linasinyaa, goti linakosa mlinzi, linavimba zaidi. Mzunguko huo ndio huwaumiza wengi, kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo hata kitandani, kaza paja, sekunde 5, achia, mara nyingi kwa siku.

Habari kwamba kukimbia kunamaliza magoti haijasimama kwenye utafiti. Wanaokimbia kwa kujifurahisha hawaonekani kuugua baridi yabisi ya uchakavu kuliko wanaokaa. Mara nyingi ni nafuu wao. Uzito ndio una hesabu ngumu. Kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyochakaa, vipimo vilionyesha kila kilo 1 inayopungua mwilini inalipunguzia goti kama kilo 4 kwa kila hatua. Na kwa mliokuwa mnavunja vidole ili vilie wakati nikiongea, tulieni. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 60, wa kulia akauacha kama kipimo, na mwishowe hakuna mkono uliopata ugonjwa wa viungo. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza. Mama yake ndiye aliyekuwa akimkataza.

Nilisema zamu ya mliobaki mmeketi inakuja. Mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, wakawanyanyulisha uzito wa kweli kwa miguu. Uzito mzito, si vile vyuma vya kuchezea. Wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za miguu yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo mzee wangu, shika mikono ya kiti hicho, egemea mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, usimame. Kisha ukae kwa kuhesabu mpaka 4, usijitupe. Ni huko kukaa polepole kunakojenga. Siku mikono ikianza kuwa ya kusaidia kidogo tu, umepiga hatua. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba siku 3 au zaidi. Watu wamelishika lile la kutembea, hili la nguvu limeanguka njiani.

Mtauliza kuhusu maumivu. Kanuni yangu ni ya kienyeji: maumivu madogo wakati wa zoezi ambayo kesho asubuhi hayapo, endelea. Yakilala na wewe yakaamka na wewe, punguza mzigo, usiache. Na msiwe na haraka. Msuli huitikia ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi, na wengi huumia katika mwezi wa pili, pale misuli inapojiona tayari na kano bado. Lakini kuna yasiyo ya mazoezi. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo au haja kukataa kukutii pamoja na maumivu ya mgongo: hospitali, siku hiyohiyo, usingoje asubuhi. Kiungo kilichovimba kikawa cha moto na mwili una homa, vivyo hivyo. Mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka, au maumivu ya usiku yanayokuja na kukonda, usiniletee mimi kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakuwa hapa pembeni kwenye ngazi za jukwaa kwa mwenye swali. Nimeona bahasha kadhaa kubwa mapajani mwa watu. Picha iacheni ndani kwanza. Vueni viatu, mpange foleni, na mtu mmoja mmoja ashuke ngazi hii ya chini nikimtazama.